Choo cheusi, kidonda hakionekani

SWALI: Mama yangu, mwenye miaka 68, amepata choo cheusi kama lami mara mbili, lakini endoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni) haikuonyesha kidonda. Damu inatoka wapi?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Sababu mojawapo, ingawa ni adimu, ni kasoro ya Dieulafoy, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1898: ateri (mshipa wa damu) nene kuliko kawaida hupita karibu mno na uso wa ndani wa tumbo au utumbo, ikapasuka kupitia kitundu ambacho, damu ikikatika, ni vigumu sana kukiona. Ndiyo maana napendekeza endoskopi irudiwe mapema, hasa damu inapotoka tena. Ateri ikipatikana, hubanwa kwa klipu au mpira. Sindano ya adrenalini, dawa ya kubana mishipa, peke yake haitoshi. Choo kikiwa cheusi tena, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.