Kasa: dume au jike?

Umeuliza kama kweli joto ndilo linaloamua kasa awe dume au jike, na kama uyahamishe mayai uliyoyakuta ufuoni Shela, Lamu. Ndiyo, ni kweli: joto la mchanga ndilo linaloamua yai la kasa litoe dume au jike. Mpaka uko karibu nyuzi 29. Mchanga ukizidi hapo, majike huwa wengi, ukipoa, madume. Na kipindi kinachohesabika ni theluthi ya katikati ya siku kama 60 ambazo mayai hukaa mchangani kabla ya kuanguliwa, si mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana kiota kilichochimbwa kivulini, chini ya mikadi, huweza kutoa watoto tofauti kabisa na kile cha juani hatua chache tu pembeni.

Kuhusu kuyahamisha hayo mayai ya Shela: usiyaguse kama yametagwa jana. Saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishika upande wa juu wa ganda. Ukilipindua yai, kinang'oka na kufa, na kwa nje yai litaonekana zima vilevile, jeupe, duara kama mpira wa tenisi ya mezani. Huhamishwa tu pale ambapo maji makuu yatakifikia kiota, tena mapema, bila kugeuza hata moja. Hiyo ni kazi ya waliofunzwa, waite KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya.

Wewe zima taa inayomulika ufuoni. Vitoto hutoka usiku mchanga ukishapoa, hufuata upande wenye mwanga, na taa ya baraza huwapeleka barazani badala ya baharini.

Na yale "machozi" ya mama kasa? Chumvi tu anaitoa.