Maswali Yenu: Ubao, Wino na Herufi za Wajerumani

SWALI: Kwenu wahariri, nimeona picha ya chapa ya msanii wa Kijerumani Käthe Kollwitz, watu wakimlilia Karl Liebknecht, kiongozi wa kikomunisti. Mbona aliichonga kwenye ubao? Nami nikichapa bango la ubao, herufi hutoka kinyume na wino haukauki. (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Liebknecht aliuawa Berlin tarehe 15 Januari 1919, na jamaa zake wakamwomba Kollwitz amchore. Alijaribu kuchora kwa asidi kwenye bamba la metali, kisha kuchora juu ya jiwe la kuchapia, hakuridhika. Mwaka 1920 aliona chapa za mbao za mchongaji Ernst Barlach, naye akashika patasi. Ubao hauna kijivu: umeacha pakawa peusi, au umechonga pakawa peupe. Tazama mkono wa yule aliyeinama juu ya sanda. Ni mikato michache, lakini uzito wa msiba wote umo. Kwa waombolezaji wengi vile, mistari myembamba ya asidi isingetosha.

Sasa bango lako. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze kifudifudi juu ya ubao, usugue mgongo wake: herufi zitakaa kinyume, na zikichapwa zitanyooka. Plaiwudi hubanduka ukichonga kukingama na nyuzi, kwa hiyo kata mpaka wa herufi kwa kisu kwanza, ukikilaza ili mguu wa herufi uwe mpana kuliko uso wake. Ukichimba chini ya herufi itavunjika ukiikandamiza. Kina cha milimita 2 kinatosha. Palipo wazi sana ongeza.

Wino wa mafuta haukauki kama maji yanavyokauka. Hugandishwa na oksijeni, na unyevu wa masika hapa Pwani huuchelewesha. Tandaza wino mwembamba mpaka rola itoe mchakacho mwepesi. Ikisikika kunata, umezidisha, na matundu ya herufi yatazibika. Usiuzimue kwa mafuta ya taa, utachuruzika kingoni. Tumia karatasi isiyong'aa, sugua kwa mgongo wa kijiko, kisha anika moja moja kwenye kamba penye upepo. Usizibebanishe kabla hazijakauka kabisa.

SWALI: Zile herufi za Kijerumani zenye pembe kali ni za Wanazi?

JIBU: Hapana. Biblia ya Gutenberg, Mainz, yapata 1455, ilichapwa kwa herufi za ukoo huo. Wanazi walizitumia kwanza, kisha waraka wa Martin Bormann, kiongozi wa juu wa chama chao, wa tarehe 3 Januari 1941 ukaagiza ziachwe, kwa madai ya uongo kwamba ni za Kiyahudi.