Muulize Kapteni: Kikokotoo kinasema dakika 50, tiketi inasema zaidi ya saa

SWALI: Kapteni, shikamoo. Wiki ijayo nasafiri kati ya viwanja viwili vidogo vya ndege. Tovuti ya kupimia umbali imenipa kilomita 420, dakika 50 hewani. Tiketi imeandika saa 1 na dakika 20 kwenda, saa 1 na dakika 5 kurudi. Kampuni inaniongezea muda makusudi? Na mbona kwenda na kurudi havilingani, njia si ile ile? – Msafiri mwenye saa

JIBU: Marahaba, msafiri. Kilomita zako ni sahihi. Sisi tungesema maili 227 za baharini, kila moja mita 1,852. Tovuti imepima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ikagawanya kwa kasi ya ndege ya pangaboi, kama kilomita 500 kwa saa. Hesabu safi, ila njia hiyo hakuna anayeiruka. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa hiyo mara nyingi nimeanza safari kwa kuupa mgongo uwanja niendao, kisha nikazunguka.

Halafu saa ya tiketi haianzi hewani. Inaanza magurudumu yanapotoka kwenye maegesho, inakoma yanaposimama maegesho ya upande wa pili. Asubuhi moja tulikaa dakika 11 mwanzoni mwa njia ya kurukia, mapangaboi yanazunguka, tukingoja gari la uwanja lifukuze kundi la ndege. Wale wenye manyoya, nasema. Mmoja aligoma kabisa kuondoka, akawa anatembea kwa miguu mbele ya gari. Abiria wa kiti cha mbele alikuwa akiitazama saa yake kama wewe.

Sasa upepo, maana hapo ndipo penye utamu. Chukua upepo wa kilomita 70 kwa saa. Ukenda nao usoni, wa omo kama wasemavyo mabaharia, ndege yako ya kilomita 500 inasogea juu ya ardhi kwa 430 tu. Kilomita 420 zinakula karibu dakika 59. Ukirudi nao mgongoni, wa tezi, unakwenda 570, dakika 44. Ndiyo hiyo tofauti yako ya robo saa. Kampuni hupanga ratiba kwa upepo uliozoeleka msimu huo. Wengi hudhani muda ambao upepo umekunyang'anya wakati wa kwenda utakurudishia wote wakati wa kurudi. Jumlisha 59 na 44: dakika 103. Siku ya shwari zingekuwa 101. Wa omo unapigana nao kwa muda mrefu kuliko ule unaosukumwa na wa tezi, basi deni halilipwi lote.

Kwenye saa ya tiketi zinabaki dakika kama 21 kila upande. Humo mna kutoka maegesho, kupanda taratibu, kupanga foleni ya kutua, na ndiyo, mna dakika chache za akiba ambazo kampuni imejiwekea. Mimi sizilaumu; ndege moja hurushwa safari kadhaa kwa siku, na ikichelewa ya asubuhi wa jioni ndiye anayeumia.

Anayekuja kukupokea mpe saa ya tiketi. Wewe kaa dirishani, anza kuhesabu magurudumu yanapoachia lami, uniandikie umepata ngapi.