Jibu: Kwa nini wafanyakazi wahamiaji hukwepa kupimwa

Ndugu, umeuliza kwa nini wafanyakazi wahamiaji hukwepa kupimwa wakati wa janga la ugonjwa kama UVIKO-19, hata pale kipimo kinapotolewa bure. Kwa maoni yangu, kinachowazuia zaidi ni hofu: anayelala kitanda cha juu katika chumba cha watu 12 anajua kwamba akikutwa na virusi atakosa ujira, na pengine kibali chake cha kazi kitafutwa. Ndiyo maana Ureno, mwezi Machi 2020, iliwatambua kwa muda kuwa wakaazi halali wahamiaji ambao maombi yao yalikuwa bado yakisubiri uamuzi, ili watibiwe bila woga. Hata hivyo, mwajiri asipolazimishwa kulipa siku za ugonjwa, wengi watameza dawa za maumivu na kwenda kazini wakikohoa.