Mashine ya vyombo haijafa, usiiuze kwanza

Juzi usiku kuna dada kaniandikia inbox, anakaa Tabata, anasema mashine yake ya kuoshea vyombo inatoa glasi zina vumbi jeupe kama zimepakwa poda, sahani za chini zinatoka na mafuta yake yale yale, na mume kashasema iuzwe kabla haijafa kabisa. Nikacheka peke yangu kitandani mpaka baba watoto akaamka kuuliza kuna nini. Nilicheka kwa sababu yule ni mimi wa miaka miwili iliyopita, tofauti ni kwamba yeye yamemkuta jikoni kwake na mie yalinikuta mbele za watu.

Sisi tunakaa Kigamboni, maji yetu ya kisima. Mashine niliipata Kariakoo, mtumba wa Ulaya, maandishi yote Kijerumani, kitabu hamna. Niliitamani miaka, nikaweka hela ya mchezo, na siku inaingia ndani nilipiga picha nikaweka status, sitadanganya. Basi Idi ikafika, nikajitia kualika ukoo mzima, pilau masinia manne, watu ishirini na kitu, nikamwambia dada wa kazi leo usiguse sahani hata moja, mwachie mwenzio. Tukapanga, nikabonyeza, ikaanza kuunguruma vizuri tu, watu wakaja kuchungulia. Baada ya kama nusu saa ikanyamaza. Ikawasha namba kwenye kioo, ikawa inalia tiiit, tiiit. Nafungua mlango, chini kuna maji meusi yamejaa, punje za wali zinaelea, harufu ya shombo jiko zima.

Wifi yangu, dada yake mkubwa mume wangu, kasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Wifi, hili kabati zuri, mtoto unamwekea nguo humo?" Sebule nzima ikacheka. Tukaosha vyombo vyote uani kwa dodoki mpaka saa nne usiku, nami nimevaa dera la Idi. Yaani mpaka leo nikikumbuka hicho kikombe cha chai shingo inapata moto.

Fundi wa kwanza alikuja kesho yake, akaibandika sikio, akasema pampu imekufa. Hakufungua kitu. Alichukua laki moja na ishirini, akaniletea pampu ya mtumba, ikafanya kazi wiki mbili ikarudi pale pale. Simu akawa hapokei. Nikaifunika kitambaa nikaweka hotipoti juu, ndo ikawa kabati kweli, wifi akashinda.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi mafriji wa mtaani kwetu, alikuja kuangalia friji, akauliza mama, hicho mmefunika nini. Nikamwambia imekufa. Akasema vitu hivi havifi hovyo, vinazibwa. Akachomoa plagi kwanza (hilo liweke kichwani, chomoa plagi, maji na umeme havina undugu), akaomba kikombe, taulo kuukuu na tochi ya simu. Akatoa kapu la chini. Pale kwenye sakafu ya mashine kuna chujio la duara, unalizungusha kushoto linatoka kama kifuniko cha chupa. La kwetu hata halikuzungushwa, likatoka lenyewe, kumbe lilikuwa limeegeshwa tu bila kufungwa, kwa hiyo taka zilikuwa zinapita pembeni. Akachota maji kwa kikombe, akakausha kwa taulo, ndani ya shimo kukawa na kifuniko kidogo cha plastiki, akakiinua kwa mpini wa kijiko. Akaniita nije nione. Akawasha tochi akaingiza kidole taratibu, akatoa kijiti cha meno, akatoa kipande cha glasi ukubwa wa kucha, akatoa na tonge la wali gumu kama jiwe. Kile kijiti kilikuwa kimekwama kwenye kipangaboi kinachozunguka ndani ya pampu kutoa maji machafu. Akakizungusha kwa kidole, kikazunguka. Akasema haya, washa. Maji yakatoka yote.

Elfu kumi na tano alichukua. Nililia, sikulia kwa furaha, nililia kwa ile laki na ishirini.

Sasa hapo ndo watu wengi mnakosea, na mimi nilikosea, mnadhani mashine ikishakuwa ya umeme basi inajisafisha. Haijisafishi! Chujio ni kila wiki, unalisugua na mswaki wa zamani chini ya bomba, unalirudisha na ULIFUNGE mpaka lishike. Mabaki ya chakula unakung'uta kwenye ndoo kabla ya kupanga, hutakiwi kuosha sahani kwanza, we kung'uta tu. Na yale mapanga mawili yanayozunguka kurusha maji, la juu na la chini, yana matundu, yatoe uyaangalie kwenye mwanga, tundu lililoziba toboa kwa kijiti (kijiti hicho kisibaki humo, jamani). La kwangu la chini matundu mengi yalikuwa yamezibwa na ukoko mweupe kama chokaa, ndo maana sahani za chini zilikuwa zinatoka na mafuta.

Huo ukoko ndo jibu la dada yetu wa Tabata. Hiyo siyo sabuni iliyobaki, ni maji. Maji ya kisima mengi yana madini, kalisiamu na magneziamu, ndo yale yale yanayoweka magamba kwenye birika lako la umeme. Sasa mashine nyingi za Ulaya zina sehemu ya kulainisha maji, ukitoa kapu la chini utaona kifuniko kingine cha kuzungusha, pale panawekwa chumvi. Kwenye kioo kuna taa yenye alama kama mishale miwili imejikunja herufi S, ikiwaka maana yake chumvi imeisha. Ya kwangu iliwaka tangu siku ya kwanza na mie nikajua ndo urembo wake.

Wifi aliposikia nanunua chumvi ya mashine alicheka tena, "maji ya chumvi halafu unaongeza chumvi, wifi umerogwa?" Na kusema ukweli swali lake lilikuwa zuri, hata mimi sikuwa na jibu mpaka yule mzee aliponielewesha. Chumvi haiendi kwenye vyombo. Ndani kuna vipunje vya plastiki maalumu vinavyonasa yale madini maji yanapopita, vikishajaa haviwezi kunasa tena, sasa mashine inachukua maji ya chumvi kutoka pale inavisuuza, madini yanaachia yanatoka na maji machafu. Kwa hiyo chumvi inawaosha waoshaji. Ila maji ambayo ukionja ulimini ni chumvi kabisa, kama ya visima vingine vya karibu na bahari, hapo usitegemee miujiza, mashine inatoa madini ya ugumu tu, ule uchumvi wenyewe unabaki. Sisi tunachanganya na ya mvua ikinyesha.

Na chumvi siyo ya mezani. Ile laini ina madini joto na dawa ya kuzuia isigande, inakwenda kujishindilia humo. Chumvi ya mawe ya sokoni ina mchanga, usithubutu. Nunua ile ya mashine, ina punje kubwa, supamaketi zipo. Mara ya kwanza kabisa unajaza maji kwanza kwenye lile tundu, halafu chumvi, maji yatafurika usishtuke, futa, na washa mashine papo hapo, chumvi iliyomwagika ikilala pale inakula bati. Nyingine unatakiwa pia uipange kwa vitufe maji yako ni magumu kiasi gani, ya kwangu ni namba 0 mpaka 7, na ilikuwa imeachwa 0 na huyo Mjerumani wake. Nikaipandisha, wiki hiyo hiyo glasi zikaanza kutoka zinaonyesha.

Kuna moja nilitaka nisiliseme. Kabla ya Idi ile, vidonge vya sabuni viliisha nikaweka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili tu. Jamani povu! Lilitoka mlangoni kama mawingu, likashuka mpaka miguuni kwa mashine. Kumbe chini kabisa kuna sinia, na ndani ya sinia kuna boya, maji yakiingia humo boya linapanda linazima kila kitu ili nyumba isifurike, mashine inabaki inavuta kutoa maji na haikubali kuanza. Dawa yake chomoa plagi, funga bomba, iinamishe kwa nyuma mkiwa watu wawili maji yatoke, acha ikauke usiku mzima. Nimempa fundi wa kwanza lawama nyingi lakini hilo povu ni la mikono yangu.

Na kama mashine inalia haina maji wakati tanki limejaa, angalia kimo cha tanki. Mita 10 za kimo ndo zinatoa msukumo wa maji wa bar 1, na mashine nyingi zinataka kuanzia bar 0.5, kwa hiyo simtanki likiwa juu ya mnara wa mita tatu halifiki, weka pampu ndogo. Pia pale mpira wa maji unapojifunga kwenye mashine kuna kachujio kadogo ka waya, mchanga wa kisima unajaa humo.

Mara moja kwa mwezi iwashe tupu kwa maji ya moto kabisa na kikombe cha siki nyeupe kapu la juu, au ndimu ya unga. Usizidishe siki, inachosha mpira wa mlango. Sufuria za alumini usiweke, zinatoka nyeusi, mwiko na kibao cha mbao pia vinapasuka.

Halafu acheni ile tabia ya kununua kitu kwa ajili ya wageni. Mama wa Kimarekani aliyepata hati ya uvumbuzi wa mashine hii mwaka 1886, Josephine Cochrane, inasemekana alichoka na watumishi kumpasulia vyombo vyake vya thamani. Hakutengeneza ili awekee status. Kitu kikiingia ndani kwako kijue tumbo lake, usimwachie dada wa kazi halafu umgombeze, mie nilimgombeza yule binti kwa chujio wakati sikuwahi kumwonyesha linavyofungwa. Nilimwomba radhi, mbele ya watoto.

Wifi hajawahi kusema kitu. Idi iliyopita alichukua glasi mezani, akaiinua dirishani, akaigeuza, akamimina juisi yake.

Kwa hiyo dada wa Tabata, kabla hujapiga picha ya kuuzia, kesho chomoa plagi, toa chujio, toa panga la chini ulichungulie kwenye mwanga, halafu nitumie picha ya hayo matundu. Na uniambie ile taa ya S inawaka au haiwaki.