Machweo ya Upanga na bili ya LUKU

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Chanika, pembezoni mwa Dar, na wote tunafanya kazi Posta, katikati ya jiji. Naamka saa kumi alfajiri, na nikirudi watoto wameshalala. Tumepata fleti mpya Upanga, ghorofa ya tisa, vyumba viwili, mita za mraba 58, kwa shilingi milioni 210. Tuna fedha za kiwanja tulichouza Kigamboni, na benki iko tayari kutukopesha zilizobaki. Brosha inasema jengo linaokoa nishati: taa za LED, viyoyozi vya inverter, na vioo vikubwa vya kuanzia sakafuni vinavyotazama machweo. Jengo limeshapauliwa, sasa linapigwa rangi. Dalali anataka asilimia 20 kabla ya mwisho wa mwezi. Tulipe?
Mama Wawili, Chanika

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msilipe bado. Ombeni ruhusa kesho au keshokutwa, mwende siku yenye jua, saa kumi jioni, mkae chumba cha kulala saa nzima. Chukueni maji ya kunywa. Dalali mwambieni asubiri chini.

Nasema saa kumi jioni kwa sababu najua yeye atawapangia saa tatu asubuhi. Nimesimamia majengo ya kupangisha mjini miaka 22, na fleti za upande wa magharibi tulikuwa tunazionyesha asubuhi tu. Hakuna aliyetuagiza. Unajifunza mwenyewe, baada ya mteja wa kwanza kuingia alasiri, kujifuta jasho na kuondoka.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua linapita utosini au karibu na hapo, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na roshani ya mita moja tu iliyo juu yake. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Kuanzia saa nane jua linaanza kushuka na kuupiga usoni, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyopenya chini ya kila kivuli ulichoweka. Tofali la saruji linalimeza lile joto, kisha linakurudishia usiku ukiwa umelala. Kioo hakisubiri hata usiku.

Mimi mwenyewe nilinunua upande huo mwaka 2011, kwa tamaa ya hayo hayo machweo. Saa nne usiku ukuta wa kitandani ulikuwa bado na joto kama ubavu wa ng'ombe. Jirani yangu wa upande wa kusini, ghorofa ile ile, ilipofika Julai alikuwa akiweka chupa yake ya mafuta ya nazi juani asubuhi ili yayeyuke. Ya kwangu hayakuganda hata siku moja kwa miaka sita. Sikuhitaji mtaalamu wa nishati anieleze tofauti ya nyumba zetu.

Sasa tuhesabu, maana mna mkopo wa kulipa. Kwa mtumiaji wa kawaida wa TANESCO aliye nje ya ile bei nafuu ya matumizi madogo, uniti moja ni shilingi 350 na ushee pamoja na kodi. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 cha kawaida, kikifanya kazi usiku kucha chumba kimoja, kinaweza kula uniti nne au zaidi. Hiyo ni kama shilingi 1,500 kwa usiku, zaidi ya elfu 40 kwa mwezi, na nyinyi mna vyumba viwili. Inverter, ile inayopunguza kasi chumba kikishapoa, itapunguza, hilo ni kweli, lakini kwenye chumba kilichookwa mchana kutwa haipati nafasi ya kupumzika. Pangaboi usiku kucha halifikishi uniti moja. Hizo taa za LED wanazozipigia ngoma ni hela ya pipi. Hata banda la chipsi lina LED siku hizi.

Mkiwa mle ndani, fungueni madirisha. Naweka dau ni ya aluminiamu ya kusukuma, yale ambayo kioo kimoja kinapita nyuma ya mwenzake. Dirisha la namna hiyo hata ukilifungua lote, nusu yake imezibwa. Umelipia mita mbili, upepo unapata moja, halafu wavu wa mbu unachukua sehemu yake. Dirisha la bawaba au la luva lingewapa karibu lote. Kisha angalieni upepo unatokea wapi. Kaskazi na kusi vyote vinatujia kutoka upande wa mashariki, kaskazi ikipinda kutoka kaskazini-mashariki miezi ya joto, kusi kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi. Fleti yenye madirisha ya magharibi peke yake imezipa mgongo zote mbili. Upepo hauingii mahali usipoweza kutokea. Kama hakuna dirisha upande wa pili, hata la jikoni au la korido, mtaishi na kiyoyozi hata Julai.

Maneno "linaokoa nishati" kwenye brosha yasiwababaishe. Ulizeni kama jengo lina cheti, na cha nani. Kuna EDGE, mfumo wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, ambao unataka jengo lipunguze angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji na asilimia 20 ya nishati au kaboni ya kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Wakiwa nacho watakisukumiza mikononi mwenu. Wasipokuwa nacho watabadilisha mazungumzo, watawaonyesha lifti.

Kwenye lifti hiyo hiyo ulizeni gharama za huduma kwa mwezi: jenereta, pampu ya maji, walinzi, usafi. Na muhimu kuliko yote hayo, ulizeni kama kila fleti ina mita yake ya LUKU kutoka TANESCO. Kuna majengo yenye mita moja kubwa chini na vimita vidogo juu, ambako mwenye jengo anawauzia umeme kwa bei anayoijua yeye. Huko kuokoa umeme kunakuwa kazi bure.

Chukueni na tepu. Hizo mita 58 mara nyingi zinahesabu unene wa kuta, roshani, pengine na fungu la korido. Pimeni sakafu mtakayotandika mkeka. Nimewahi kuona 60 ya kwenye karatasi ikawa 49.

Kuhusu karatasi zenyewe nitasema machache, maana mwanasheria mtamlipa na mumlipe kweli. Tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, inayowezesha kila fleti kuwa na hati yake, pamoja na fungu katika maeneo ya pamoja na chama cha wamiliki wa kuyasimamia. Afanye upekuzi wa hati ya kiwanja kwenye ofisi ya msajili wa hati, ajue kama kiwanja kiko rehani benki. Mkataba utaje tarehe ya kukabidhiwa hati yenu, si funguo peke yake. Na mwulizeni muuzaji kwa maandishi kama hiyo milioni 210 ina VAT ndani au haina. Asilimia 18 juu ya fedha hiyo ni milioni 37.8.

Nimalizie na ushauri ambao dalali hataupenda. Jengo hilo lina upande wa pili. Brosha haina picha yake kwa sababu unatazama ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Ulizeni bei ya fleti ya ghorofa ya saba au ya nane upande huo, mwende tena saa kumi, mkae tena. Ingekuwa mimi, ningenunua hiyo, na machweo ningeyafuata Coco Beach Jumapili... ah, kule ni mashariki. Basi ningepanda juu ya paa.

SWALI: Shangazi, nimenunua fleti ndogo Kisutu, jiko ni la kugeuka tu na dirisha lake ni kama sanduku la barua. Mke wangu anataka gesi, mimi nataka umeme. Tuamulie.
Bwana Harusi, Kisutu

JIBU: Kwa jiko la namna hiyo niko upande wako, lakini usimletee sahani mbili za koili nyekundu, zile zitakula LUKU na zitakugombanisha naye. Nunueni jiko la presha la umeme. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya nusu uniti, na joto linabaki ndani ya sufuria. Mtungi mdogo wa gesi mwachie kwa chapati, ukae penye hewa. Samaki wa kukaanga mnunue Feri, wameshakaangwa.