Wa kijani na mwenye madoa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nyumbani kwetu Pangani kuna bwawa la kunyweshea ng'ombe. Juzi usiku, baada ya mvua, nilipiga picha vyura wawili wadogo kwenye tete, mmoja kampanda mwenzake. Wa juu ni wa kijani, wa chini ni kahawia mwenye madoa makubwa ya manjano. Kaka anasema ni aina mbili zimechanganyika. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha yako nimeitazama mara nyingi, maana imenirudisha mbali. Hao ni dume na jike wa aina moja, Hyperolius argus, chura wa matete aliyepewa jina na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854. Dume ni wa kijani, ana mstari mweupe unaoanzia puani na kupita ubavuni. Jike anapopevuka ndipo anapata yale madoa yaliyozungushiwa weusi. Akiwa mdogo hufanana na dume. Nilipoanza kuchunguza vyura, nami niliwaandika kurasa mbili tofauti za daftari, mpaka nilipowakuta wameshikana kama ulivyowakuta wewe.

Ndiyo maana nasisitiza: rangi iwe ya mwisho. Anza na jicho. Mmulike kwa tochi, subiri kidogo mboni isinyae, kisha tazama imelala au imesimama. Ya Hyperolius hulala, kama mstari wa daftari. Bwawani kwako huenda ukamwona pia Afrixalus fornasini, kahawia mwenye michirizi ya rangi ya fedha. Kwa umbo na kimo utadhani ni ndugu yao wa karibu kabisa, lakini mboni yake imesimama, na ukimsogelea utaona vijimwiba vidogo sana mgongoni. Huyu hutaga mayai juu ya jani, kisha hulikunja na kuligandisha. Hula pia mayai ya vyura wengine.

Ukitoka kwenye jicho, nenda kooni. Dume wa Hyperolius ana kipande cha ngozi nene juu ya kifuko anachokivimbisha akilia. Jike hana. Kisha pima urefu kutoka pua hadi mwisho wa kiwiliwili, bila kuhesabu miguu, maana argus hazidi sana sentimita tatu. Angalia na utando kati ya vidole vya miguu ya nyuma, unafika kidole kipi.

Ukipanda Amani, kwenye milima ya Usambara, utakutana na Leptopelis vermiculatus, chura wa miti mwenye macho makubwa na mboni iliyosimama. Wapo wa kijani wenye vidoa vyeusi, wapo wa kahawia wenye pembetatu mgongoni, na wote ni aina hiyo hiyo moja. Kwa rangi peke yake hutawaweza.

Ukitaka kumshika, lowesha mikono kwanza, na usiwe umejipaka dawa ya mbu. Ngozi yake inafyonza kila kitu. Safari ijayo nipigie picha ya koo na ya nyayo.